Mfunguo Mosi Mpaka Ramadhani: Mwaka wa Watoto Nyumbani

Watoto wa mji huu wanaijua Januari kabla ya kuujua Mfunguo Mosi. Skuli huwasomesha miezi ya kizungu tangu madarasa ya awali, na simu za wazazi wao zina kalenda hiyohiyo. Ukimuuliza mtoto wa darasa la pili tumo katika mwezi gani wa Kiislamu, atakutazama kana kwamba umemuuliza bei ya karafuu. Wala siilaumu skuli. Mishahara, kodi za nyumba na mitihani vyote vinakwenda kwa miezi hiyo. Ninachosema ni kwamba miezi yetu mingine, ile ya mwezi unaoandama, mwalimu wake wa kwanza ni nyumba. Nyumba isipoisomesha, mtoto ataipokea Idi kama mvua ya ghafla: imeshuka, amelowa, imepita.

Wazee wa mwambao walikwishalifikiria jambo hili kabla yetu. Shawwal wakauita Mfunguo Mosi, kwa kuwa ndio mwezi wa kwanza baada ya kufungua. Dhulqaada ukawa Mfunguo Pili, Dhulhijja Mfunguo Tatu, na hesabu ikaendelea mpaka Mfunguo Tisa. Kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani zikabakia na majina yake, kama watu wazima wenye heshima wasioitwa kwa namba. Waarabu huufungua mwaka kwa Muharram, lakini Mswahili huuhesabu kwa kufungua saumu, kama anavyoihesabu wiki kwa Ijumaa: siku inayoifuata Ijumaa ndiyo Jumamosi, na baada yake Jumapili. Ibada kubwa huwa ndiyo kilele, na hesabu huanza upya baada yake. Nilikaa katika chuo cha Kiislamu miaka kadhaa, nikasoma fikihi na nahau na mirathi, lakini hili nililipata kwa bibi yangu mzaa mama, mtu wa Makunduchi, akiwa anapeta mchele.

Nyumba yetu ni ya urithi, huku Mji Mkongwe. Mama yangu anakaa chini, kaka yangu na watu wake ghorofa ya kwanza, sisi ghorofa ya pili. Ukutani karibu na jiko tumetundika ubao mdogo wa chaki. Kila mwezi unapoandama, binti yangu mkubwa, mwenye miaka minane, huandika jina lake, na mdogo wake wa miaka sita hupiga mstari kila baada ya magharibi, kwa kuwa siku yetu huanza jua linapotua. Wa tatu ana miaka mitatu na kazi yake ni kuila chaki. Kwa ubao huu wamejifunza kwamba mwezi huwa na siku 29 au 30, hauna 31, na kwamba mwaka wa mwezi ni pungufu ya ule wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, kaskazi na kusi, masika na vuli, na kurudi ilikoanzia baada ya miaka kama 33.

Nimelitazama jambo moja kwa wanangu: sikukuu waliyoifanyia kazi huikumbuka, na sikukuu waliyoletewa tu huisahau kabla nguo haijafuliwa. Kwa hiyo tunapovunja jungu mwishoni mwa Shaabani, mama yao huwagawia kazi za mwezi mzima. Mkubwa huhesabu tende, tatu kwa kila mtu. Wa kati hukaa dirishani kusikiliza adhana, na ni yeye tu mwenye ruhusa ya kupaza sauti kwamba wakati umeingia. Ruhusa hii anaitumia vizuri mno, na nyumba za jirani sasa zinafuturu kwa sauti yake. Binti amekuwa akifunga nusu siku tangu alipokuwa na miaka sita, na mwaka 2025 alifunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Hatukumshurutisha. Tulimuamsha daku pamoja nasi, na mengine yakafuata yenyewe.

Kumi la mwisho lina mitihani yake. Darajani usiku huwa huwezi kuweka mguu, bei zinapanda, na baba mwenye watoto watatu huanza kufanya hesabu anazoziacha kazini. Sisi tumekata shauri: nguo moja kwa kila mtoto, na viatu ikiwa vya zamani havimtoshi. Fedha inayobaki huingia katika unga wa mchele, samli na hiliki, maana vileja vya nyumbani mtoto anaweza kuvifinyanga kwa mkono wake, ilhali nguo atavishwa tu. Vileja vya mwanangu huwa na sura ya mawe ya pwani. Vinaliwa vyote.

Katika siku hizo mimi kama katibu wa kamati ya msikiti huleta nyumbani daftari la zakatul-fitri. Mchele hupimwa kilo mbili na nusu kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kutua. Binti yangu husaidia kushika mdomo wa mfuko nikipima. Usiku mmoja aliniuliza kama nyumba ya rafiki yake fulani imo katika daftari. Nikalifunga daftari, nikamwambia kwamba majina haya ni amana na hata mama yake hayasomi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumchukulia rafiki yake vileja bila ya kujua kama yumo au hayumo. Nikamwambia hiyo ndiyo njia iliyo bora. Niseme hapa, kwa kuwa nimepata nafasi, kwamba kamati zinazowapanga watu mstari na kuwapiga picha wakipokea mchele hazijanishawishi bado. Watoto wa wanaopokea nao wana macho, na picha za simu hufika skuli kabla ya watoto wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Katika nyumba yetu kaka yangu anafuata mwezi popote ulipoandama duniani. Mimi na mama tunafuata tangazo la Ofisi ya Mufti. Mwaka 2025 Saudi Arabia ilitangaza Idi el-Fitri Jumapili ya tarehe 30 Machi, na hapa kwetu ikawa Jumatatu ya tarehe 31. Jumamosi usiku, sisi tukiwa na saumu 28, ghorofa ya kwanza walianza takbira. Ngazi ni moja, sauti inapanda. Asubuhi wanangu walikutana kwenye ngazi na watoto wa ami yao, wamevaa nguo mpya, wananukia udi. Mwanangu wa kati akamuuliza binti ami yake, mtoto wa miaka saba, mbele ya mama yake: "Kwani Idi yenu ni ya uongo?"

Maneno hayo hayakuwa yake. Mtoto wa miaka sita hajui ruiya wala matlai. Aliyaokota barazani, ambako wakubwa huyasema usiku wakinywa kahawa, wakidhani watoto wanacheza. Upande wa pili nao una barazani kwake na maneno yake, na binti ami yake angeweza kumjibu kwa yaliyo makali zaidi. Hakujibu. Alilia, akarudi ndani na nguo yake mpya.

Nilimkalisha mwanangu nikamsimulia kisa cha Kuraib, kilichopokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa lugha ya umri wake. Kuraib alisafiri kutoka Madina kwenda Sham kwa shughuli aliyotumwa, Ramadhani ikamwandamia huko, mwezi ukaonekana usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (R.A.) akamuuliza waliuona lini. Akasema usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, basi tutaendelea kufunga mpaka tuuone au tutimize 30. Kuraib akashangaa kwamba kuona kwa Muawiya na watu wa Sham hakumtoshi. Ibn Abbas akajibu kwamba hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyowaamrisha. Hapo mwanangu akauliza swali ambalo ndilo nililolitaka: "Waligombana?" Nikamwambia kwamba katika kisa hicho hakuna ugomvi. Mmoja aliuliza, mwenziwe akajibu.

Sikumwambia kwamba hoja imekwisha, kwa kuwa haikuisha. Kisa hiki ni katika nguzo za Mashafii, wanaosema kila nchi ina mwezi wake. Lakini wanazuoni wengi wa madhehebu nyengine wamesema kuonekana mahali pamoja kunawatosha Waislamu wote, nao wanategemea hadithi sahihi zinazoamrisha kufunga kwa kuuona mwezi bila ya kutaja mji. Kaka yangu si mtu wa ovyo. Amesoma, na anajua anachokifuata. Jambo lenye khilafu ya wanazuoni kwa karne nyingi halitamalizwa kwenye ngazi ya nyumba yetu, na hakika halitamalizwa na watoto.

Aliyeitengeneza siku ile ni mama. Alituita sote chini, mimi na kaka yangu na wake zetu, akasema: "Mwezi ni wenu nyinyi wakubwa. Watoto waacheni na tambi zao." Kisheria alikuwa juu ya jambo la sawa, ingawa yeye hakulisema kwa lugha ya fikihi: mtoto ambaye hajabaleghe hajakalifishwa saumu, hivyo hana dhambi akila siku ya 29 wala hana dhambi akisubiri. Wanangu wawili wadogo wakala tambi za shemegi yangu. Mkubwa akasema yeye ameshafunga 28 na anataka kuimaliza. Akaachwa. Shemegi akamtilia sahani yake akaifunika kwa kawa, ikakaa juu ya meza mpaka magharibi, na mwanangu wa kati ndiye aliyetumwa kuipandisha juu. Kabla ya kuichukua alimwambia binti ami yake, "Idi mubarak." Hakuna aliyemfundisha amwambie.

Jumatatu ikawa zamu yetu. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wakubwa hatukukitia katika hesabu. Viwanja vya Mnazi Mmoja hufungua sikukuu kwa siku iliyotangazwa. Jumapili watoto wa kaka walisali Idi, wakapewa mkono wa Idi, wakawa na fedha mfukoni na nguo mwilini, lakini hakuna bembea, hakuna askirimu, hakuna mapulizo. Wenzao wote mtaani walikuwa wamefunga au wamevaa nguo za nyumbani. Mtoto hasherehekei peke yake. Jumatatu jioni tukatoka nao wote pamoja, wa kwetu na wa kwao, nguo za wengine zikiwa na doa la mchuzi wa jana. Tangu hapo tumekubaliana na kaka: ibada kila nyumba kwa mwezi wake, na jioni ya viwanjani watoto wote pamoja, siku zote nne. Na barazani, mtoto akipita, mazungumzo ya mwezi hunyamazishwa kama yanavyonyamazishwa mengine yasiyomfaa.

Idi el-Hajj, katika Mfunguo Tatu, huwa na shida hiyohiyo na dawa hiyohiyo, ila kazi za watoto ni nyingi zaidi. Nyama ya udh-hiya tunaigawa mafungu matatu, la nyumba, la jamaa na majirani, na la masikini, na wao ndio wapandishao na washushao sahani. Wapo wazazi wanaowaficha watoto wakati wa kuchinja. Mimi huwaachia wachague. Mkubwa alitazama, wa kati alikwenda kujificha kwa bibi yake akarudi nyama ilipokuwa jikoni.

Mfunguo Nne unayo Ashura, na hapa ndipo penye mapokezi ninayoyapenda kuliko yote katika mlango huu wa watoto. Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia kwamba wao wanawake wa Kiansari walikuwa wakifunga Ashura na wakiwafungisha watoto wao wadogo, na mtoto akililia chakula humpa kidude cha kuchezea walichokitengeneza kwa sufi, mpaka wakati wa kufuturu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ukiifikiri, wale mama walikaa chini kabla ya siku yenyewe wakatengeneza vitu vya kuchezea. Hawakusubiri mtoto alie ndipo watafute cha kumpa. Mke wangu siku ya nane ya mwezi hushona vidude vya matambara pamoja na watoto. Sufi hatuna, matambara ya leso yapo tele.

Mfunguo Sita ni wa Maulidi, na najua kwamba miongoni mwa wasomaji wa gazeti hili wapo wanaoyasoma na wapo wasioyasoma. Sitaifungua hoja hiyo hapa. Mama yangu husomesha Barzanji ukumbini kila mwaka, kama alivyofanya mama yake, na kaka yangu huwa na udhuru wa safari wiki hiyo. Mama anaujua udhuru ule na hausemi. Kwa watoto, mimi nimeupa mwezi huu kazi ambayo nyumba zote mbili zimeiridhia: kila usiku baada ya isha kisa kimoja cha sira, kuanzia mwaka wa ndovu mpaka Hijra. Kaka huteremka kusikiliza, na mara nyingine hunisahihisha.

Rajabu na Shaabani hupita haraka. Usiku wa Miraji tunasimulia safari ya Mtume, na mtoto wa miaka sita huuliza juu ya Buraki maswali ambayo hata chuoni sikuulizwa.

Zimebaki sikukuu zisizokuwa zetu, na sikukuu zetu zisizokuwa za dini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, fashifashi za Mapinduzi huonekana vizuri juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Wakubwa hupanda, mdogo hulia, mtu mmoja hubaki naye. Krismasi mwanangu alisikia kengele za kanisa la Mkunazini, akauliza. Nikamwambia ni siku ya majirani zetu Wakristo, kwamba sisi hatuisherehekei na wala hatuikejeli, na kwamba Nabii Isa (A.S.) ni Mtume wetu na mama yake ana sura nzima katika Qur'ani. Usiku ule tukaisoma. Mtoto aliyepewa kilicho chake hahitaji kutukaniwa cha mwenziwe.

Kigumu zaidi ni Mwaka Kogwa, kwa kuwa ule ni wa damu yangu. Kila Julai ndugu zetu wa Makunduchi huuoga mwaka, wanaume wakapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kikachomwa moto, wanawake wakaimba wakiwa wamevaa vizuri. Asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa mbili zilizo bora, Adh-ha na Fitri. Wafafanuzi wamesema moja ya siku zile ilikuwa Nairuzi hiyohiyo. Msimamo wangu ni huu: wanangu nawapeleka Makunduchi kula na jamaa zao, kwa kuwa kuunga udugu ni wajibu na siku ile nyumba hazitaki kukosa mgeni, kwenye kibanda siwapeleki. Mjomba wangu mmoja ananiona nimezidisha. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye ananiona nimelegea. Pilau ya siku ile ni nzuri sana.

Karibuni binti yangu alikaa na ubao na kalenda ya ukutani, akawa anazirudisha nyuma siku 11 mwaka baada ya mwaka. Mimi nilipokuwa na umri wake Ramadhani iliingia Januari, na yeye aligundua kwamba inarudi huko. Aligundua na jengine: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Akaja mbio kuniuliza kama mwaka huo atashonewa nguo mbili. Mama yake alikuwa amekwishaitazama kalenda. Akamwambia ahesabu tena: Idi ya Ramadhani ya pili itaangukia Januari 2031.